William Sheppard na mikono 81

Kwetu Kongolo, mtu akitaja wamishonari na ushujaa katika sentensi moja, hakuna anayeuliza ni wamishonari gani. Ni wale 20 wa shirika la Roho Mtakatifu waliouawa na askari tarehe 1 Januari 1962. Nimekua nikisikia habari yao kanisani, shuleni na kando ya moto. Jina la William Sheppard sikuwahi kulisikia. Nilikutana naye hapa kitivoni, tena kwa bahati, katika somo la historia ya uchunguzi wa lugha za Kibantu. Profesa alikuwa anazungumzia sarufi na kamusi ya Kiluba cha Kasai iliyochapishwa mwaka 1906 na William Morrison, Mmarekani Mzungu. Akasema kwa kupita tu kwamba Morrison alikuwa na mwenzake mweusi, ambaye hakuacha sarufi yoyote lakini alijifunza lugha ambayo kwa wageni ilikuwa imefungwa. Nililiandika jina pembeni mwa daftari, kisha nikalisahau kwa miezi miwili.

Sikulirudia kwa sababu ya isimu. Nililirudia kwa sababu ya nkambo wangu, na hilo nitalieleza tutakapofika mahali pake.

Sheppard alizaliwa Waynesboro, Virginia, tarehe 8 Machi 1865, mwezi mmoja kabla ya jenerali Lee kusalimu amri katika jimbo hilohilo na vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe kukaribia mwisho. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake hakuwa mtumwa, kwa hiyo mtoto naye hakuzaliwa mtumwa, jambo ambalo wenzake wengi wa rika hilo hawakuweza kulisema. Mwaka 1880 aliingia Hampton, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya weusi waliotoka utumwani. Huko Booker T. Washington alikuwa akifundisha madarasa ya usiku. Kisha akaenda Tuscaloosa, Alabama, kusomea uchungaji katika chuo cha Wapresbiteri. Akachunga makanisa, likiwemo moja la Atlanta, lakini moyo wake ulikuwa umeshavuka bahari. Aliomba kutumwa Afrika.

Bodi ya misheni ya Wapresbiteri wa Kusini ilimzungusha. Barua zikaenda, majibu yakarudi bila jibu. Mwishowe alipanda treni mwenyewe hadi Baltimore kuwauliza uso kwa uso. Tatizo halikuwa elimu yake wala imani yake. Bodi haikutaka kumtuma mtu mweusi peke yake bila Mzungu wa kumsimamia. Sheppard akangoja mpaka akapatikana Samuel Lapsley, kijana wa Alabama, mtoto wa familia iliyowahi kumiliki watumwa. Wakaondoka New York tarehe 26 Februari 1890. Nimepiga hesabu: siku ile Sheppard alikuwa na miaka 24, umri nilio nao leo, na alibakiza siku kumi kutimiza 25.

Njiani Lapsley alipokelewa Brussels na mfalme Leopold wa Pili, aliyemwonyesha ukarimu na kuwaelekeza Kasai. Mfalme hakujua ni watu gani anawafungulia mlango. Walifika Boma mwezi wa Mei. Kutoka Matadi walitembea kwa miguu hadi Léopoldville, kwa sababu reli ilikuwa bado haijafika, kisha wakapanda mito hadi Luebo, mahali ambapo mto Luebo unaingia Lulua. Ilikuwa Aprili 1891.

Wote wanaosimulia habari za Sheppard wanakubaliana kwamba watu walimpenda. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, mcheshi, alivaa nguo nyeupe za kitani, na aliwinda viboko ili watu wapate nyama. Walimwita Mundele Ndom, yaani Mzungu mweusi. Sisi wanaisimu tungeweza kukaa na jina hilo mchana mzima. Mundele wa Kikongo na Lingala, kama mzungu wa Kiswahili, halianzii kwenye rangi ya ngozi. Linaanzia kwenye nguo, mizigo, bunduki na namna ya kutembea. Kwao Virginia mtu huyohuyo alikuwa mweusi mbele ya sheria, akatengwa kwenye treni na shuleni. Hapa aliambiwa ni Mzungu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba amefika nchi ya mababu zake. Hakuna hata moja kati ya majina hayo matatu lililomtosha lote.

Machi 1892 Lapsley, aliyekuwa ameshuka Boma kwa mambo ya ardhi ya misheni, alifia Matadi kwa homa. Alikuwa na miaka 25. Kwa hiyo kituo kilibaki mikononi mwa mtu yule ambaye bodi ilisema hawezi kuachwa peke yake.

Mwaka huohuo Sheppard alifanya jambo ambalo maofisa na wafanyabiashara wa Ulaya walikuwa wameshindwa kulifanya.

Kaskazini ya Luebo kulikuwa na ufalme wa Bakuba. Mji wake mkuu, Mushenge, ulifungwa kwa wageni. Mfalme, Kot aMweeky, alikuwa ametangaza kwamba yeyote atakayemwonyesha mgeni njia atakatwa kichwa. Bakuba wenyewe lakini walikuja Luebo kuuza pembe za ndovu, na Sheppard alikaa nao na kujifunza lugha yao. Wenzangu watajua hilo lina uzito gani. Lugha ya Bakete walioishi kuzunguka kituo, pamoja na Kiluba cha Kasai, zimo katika kanda L ya Guthrie. Lugha ya Bakuba imo katika kanda C, namba 83. Mtu aliyezoea ile ya kwanza haingii ya pili kwa kuteleza. Inabidi aanze upya. Sheppard alianza upya, bila kamusi na bila mwalimu wa kulipwa, kwa kuwasikiliza wafanyabiashara wakipatana bei.

Kisha akaondoka na watu wachache. Njia aliipataje? Kwa mayai. Alipofika kijiji cha kwanza alisema anapenda sana mayai, akanunua yote yaliyokuwepo, akala. Yakiisha, anamwomba chifu ruhusa ya kumtuma mtu mmoja akanunue mengine katika soko linalofuata. Mtu anakwenda, anaangalia njia, anarudi, na safari inasonga kijiji kimoja. Hakuna chifu aliyemwonyesha mgeni njia. Walimwonyesha mteja mahali pa kununua mayai. Nilipomsimulia mwanafunzi mwenzangu wa uchumi, alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akaniambia kwamba huo ndio utafiti wa nyanjani.

Mayai yalifika mwisho, nao watu wa mfalme wakamkuta. Mtoto wa mfalme alikuja na askari kumkamata yeye na machifu waliompokea, wote wapelekwe mji mkuu wakafe. Sheppard akawatetea machifu wale kwa Kikuba, akisema hakuna aliyemwelekeza na kosa ni lake peke yake. Hapo hesabu ya wale askari ikavurugika. Mgeni anajuaje njia ambayo hakuonyeshwa? Anasemaje lugha ambayo hakuna mgeni anayeisema? Baraza la Mushenge lilipata jibu moja tu lenye akili: si mgeni. Ni Bope Mekabe, mfalme wa zamani, aliyekufa na kurudi akiwa na ngozi nyepesi kidogo na kusahau mambo mengi. Sheppard alikana. Hawakumsikiliza. Alikaa Mushenge miezi minne, akaona barabara zilizofagiliwa, nguo za ukili zilizofumwa kwa nakshi, vikombe vya mti vilivyochongwa, baraza la kesi, na pia watu waliolazimishwa kunywa sumu ya kupimia uchawi, jambo ambalo alilipinga waziwazi.

Mwaka 1893 alipopita London akirudi likizo, Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpokea kuwa mwanachama. Vitu alivyokusanya kwa Bakuba viko Hampton hadi leo. Februari 1894 alimwoa Lucy Gantt, mwalimu na mwimbaji aliyekuwa amemngoja miaka mingi, wakarudi Kongo pamoja na wengine, akiwemo Maria Fearing. Huyu mama ningependa aandikiwe makala yake peke yake: alizaliwa mtumwa Alabama mwaka 1838, bodi ikamwambia ni mzee mno, akauza nyumba yake na kuja kwa gharama yake. Luebo alifungua nyumba ya wasichana, wengi wao wakiwa watoto aliowakomboa kutoka mikononi mwa wauza watumwa. Lucy alifundisha shule na kuandaa nyimbo za kanisa katika lugha za huko. Alizika watoto wawili wachanga Kongo. Mwaka 1898 alirudi Amerika na wa tatu, Wilhelmina, ili asimzike naye. Baadaye walipata mtoto wa kiume, wakampa jina la rafiki yao wa ukoo wa kifalme wa Kuba, Maxamalinge.

Sasa nimefika kwa nkambo.

Nkambo wangu, mama yake mama, ni Musonge wa upande wa magharibi ya Lualaba. Kisonge ndiyo lugha aliyonibebea mgongoni, na kama nimechagua kusoma lugha za Kiafrika ni kwa sababu yake. Mwaka 1899 Dola Huru ya Kongo ilikuwa inatumia kundi la watu wenye bunduki kukusanya kodi Kasai. Wazungu waliwaandika Zappo Zap, kwa kufuata jina la chifu wao, Nsapu Nsapu. Walikuwa wametoka mashariki, walikuwa wamefanya biashara ya watumwa na bunduki pamoja na misafara ya Waarabu na Waswahili, kisha wakajiunga na Dola. Nilikuwa nasoma haraka, usiku, na umeme ulikuwa unakatika. Neno lililofuata lilinisimamisha. Walikuwa Basonge.

Na niseme jambo jingine hapohapo, maana jarida hili tunaliandika kwa Kiswahili. Lugha hii ilifika kwetu Kongolo kwa njia ileile: Nyangwe na Kasongo ziko chini ya mto kutoka kwetu, na waliopanda na kushuka mto huo wakati wa Tippu Tip hawakubeba sarufi tu.

Septemba 1899 habari zilifika Luebo kwamba Zappo Zap wameingia upande wa Pianga, wanachoma vijiji na kuua. Morrison alimwomba Sheppard, aliyekuwa sasa na kituo cha Ibanj kati ya Bakuba, aende akaone. Hakutaka kwenda. Hilo hakulificha baadaye: aliogopa, na watu aliowaomba wamsindikize waliogopa zaidi. Alikwenda. Njiani alikuta vijiji vitupu, vingine vikifuka moshi. Alipokutana na wapiganaji wenyewe, walimtambua na wakamsalimu kama mtu wa kwao. Kiongozi wao, Mulumba Nkusa, alimchukua kuwa rafiki wa Dola, akamtembeza kambini kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake.

Sheppard hakubadilisha uso. Akauliza maswali, mmoja baada ya mwingine, na Mulumba akajibu yote: kodi iliyodaiwa, wangapi waliitwa ndani ya uzio kana kwamba kuna mazungumzo, mlango ulivyofungwa, wangapi walipigwa risasi. Wanawake 60 walikuwa wamefungwa hapo. Kisha akapelekwa mahali penye kibanda cha vijiti, na chini yake moto mdogo. Juu ya vijiti kulikuwa na mikono ya kulia ya watu, ikikaushwa kwa moshi ili isioze kabla ya kufikishwa kwa ofisa. Mkono ulikuwa risiti. Ofisa alitaka kujua kwamba risasi haikupotea.

Sheppard aliihesabu. Ilikuwa 81.

Nimekaa na kitendo hicho kuliko kingine chochote katika maisha yake. Angeweza kukimbia, angeweza kulia, angeweza kuomba kwa sauti, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisimama akahesabu, akijua kwamba Ulaya haitaamini maneno kama mingi na wengi, hasa yakitoka kwa mtu mweusi. Aliandika tarehe, majina ya vijiji, majina ya wasemaji. Ripoti ilichapishwa mwaka uliofuata, ikasambaa Marekani na Ulaya, na Mark Twain aliitumia mwaka 1905 katika kitabu chake dhidi ya Leopold. Wengine waliandika vizuri zaidi yake. Lakini wengi wao walikuwa wamesikia, naye alikuwa ameona.

Zappo Zap siwatetei. Najua walikuwa wenyewe wamesukumwa na vita vya watumwa kutoka nchi yao, najua bunduki zilikuwa za Dola na mpira ulikuwa wa Leopold. Nimeyaandika hayo yote katika rasimu ya kwanza ya makala hii, aya nzima, halafu nikaifuta, kwa sababu ilisomeka kama mtu anayenawa.

Kesi ilikuja miaka minane baadaye. Januari 1908, katika jarida dogo la misheni, Sheppard aliandika jinsi Bakuba walivyokuwa zamani, na mashamba yao, nyumba zao kubwa, masoko yao, na jinsi walivyokuwa sasa, wakilazimishwa kukaa msituni kutafuta mpira kwa malipo duni huku nyumba zikibomoka. Kampuni ya Kasai, iliyokuwa na haki ya mpira wote wa eneo, ilidai kwamba imechafuliwa jina, ikawashtaki yeye na Morrison. Kesi ilisikilizwa Léopoldville Septemba 1909, siku nyingi za safari ya mto kutoka kwa mashahidi, na kwa Kifaransa, lugha ambayo haikuwa ya mshtakiwa wala ya Bakuba waliozungumziwa. Shtaka la Morrison liliondolewa kwa kasoro ya utaratibu. Alibaki mweusi peke yake kizimbani.

Aliyemtetea alikuwa Émile Vandervelde, kiongozi wa Wasoshalisti wa Ubelgiji, mtu asiye na dini, aliyesafiri kutoka Ulaya bila kudai malipo ili kumtetea mchungaji wa Kipresbiteri. Wamarekani nao walifuatilia, kwa kuwa serikali yao ilikuwa bado haijatambua Ubelgiji kuichukua Kongo. Tarehe 4 Oktoba hakimu alimwachia huru na kuiamuru kampuni ilipe gharama. Lakini tusome hukumu kama wanaisimu: sababu yake ilikuwa kwamba makala haikuitaja kampuni kwa jina, na mwandishi hakukusudia kuishambulia. Hakimu alitoka mahakamani bila kutamka kama yaliyoandikwa ni kweli au si kweli. Vitabu vingi vya kusifu vinamalizia hapo, na shangwe.

Mwaka uliofuata Sheppard aliondoka Kongo na hakurudi. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya. Sababu nyingine ni kwamba alikiri mbele ya viongozi wa kanisa lake kuwa na uhusiano na wanawake wa huku, wakati ambapo Lucy alikuwa mbali na hata baadaye. Kulikuwa na mtoto wa kiume, ambaye baadaye alifanya kazi katika uchapaji wa misheni. Kanisa lilimsimamisha mwaka mmoja na kulinyamazia jambo hilo. Lucy alibaki naye. Kuna mwalimu wetu mmoja aliyenishauri niiache sehemu hii, kwa kuwa makala ni ya kutia moyo. Nimemsikiliza kwa heshima zote, lakini wanawake wale nao walikuwa watu wa Kongo, na mimi ni mwanamke wa Kongo. Mtu aliyehesabu mikono ile hadi wa mwisho asingetegemea mimi niruke hesabu.

Kuanzia 1912 alikuwa mchungaji wa kanisa la Grace, Louisville, Kentucky, kati ya weusi maskini. Mtu aliyeitwa mfalme Mushenge na kupokelewa London alirudi kuishi chini ya sheria za ubaguzi, akihubiri, akifundisha watoto, akitoa mihadhara kuhusu Kongo kwa Wazungu ambao wasingekaa naye meza moja. Mwaka 1917 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake. Alikufa Novemba 1927, naye Lucy akaishi hadi 1955. Watu zaidi ya 1.000 walihudhuria mazishi yake.

Mwezi uliopita nilimpigia nkambo simu nikamsimulia yote, kwa Kisonge, pale nilipojua maneno, na kwa Kiswahili pale niliposhindwa. Sehemu ya mayai ilimfurahisha sana. Sehemu ya Nsapu Nsapu alinyamaza, nikafikiri mtandao umekatika. Kisha aliuliza wale watu 81 walikuwa watoto wa nani. Nilimwambia kwamba katika ripoti kuna jina la Mulumba, jina la chifu na majina ya vijiji, na wao wameandikwa kwa tarakimu. Akaniambia nisubiri, akaweka simu chini, na kwa muda mrefu nilisikia tu kuku wa uani kwake na mtu akitwanga kwa mbali.